Mradi wa mimea bila udongo umekwama? Soma dalili, tafuta chanzo

Matatizo mengi ya kuotesha mimea bila udongo huanza siku mmea unapochaguliwa, mapema kabisa kabla jani lolote halijageuka njano. Mwanafunzi amebakiwa na siku kumi za kukamilisha ripoti, anachagua pilipili hoho, ambayo kuchomoza tu huweza kuchukua wiki mbili. Mwingine anataka kuonyesha kazi ya mbolea: anaotesha kunde kwenye makopo mawili, moja la maji ya mbolea na jingine la maji matupu, na wiki inapokwisha miche yote ina kimo kimoja. Mbolea ni nzuri na kunde ni nzima. Ila mbegu ya kunde imebeba akiba ya chakula inayoutosha mche kwa siku saba hadi kumi, na kwa muda huo wote mbolea haina la kufanya.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta ugonjwa, tazama kwanza kama mmea, swali la mradi na siku zilizobaki vinaendana.

## Mmea haulingani na swali

Kama swali ni la uotaji wenyewe (maji, joto, giza, mwelekeo wa mwanga), chukua mbegu kubwa yenye akiba. Choroko haina mpinzani hapa: ikilowekwa saa 8 hadi 12 kisha ikalazwa kwenye tishu yenye unyevu penye nyuzijoto 25 hadi 30, hutoa kimzizi ndani ya siku moja au mbili. Kunde na ngano huchukua siku 2 hadi 3, figili 3 hadi 4, maharage 3 hadi 5.

Kama swali ni la mbolea, geuza: chukua mbegu ndogo yenye akiba kidogo sana. Gramu moja ya mbegu za mchicha ina mbegu zaidi ya elfu moja, na kila moja humaliza chakula chake karibu mara tu vijani viwili vya kwanza vinapofunguka. Kuanzia wiki ya pili tofauti kati ya kopo la mbolea na la maji matupu inaonekana kwa macho. Sukuma wiki, Chinese na saladi nazo zinafaa, ingawa saladi huhitaji siku 30 hadi 45 kufikia ukubwa wa kuvunwa.

Kama swali ni la mizizi, achana na mbegu. Pingili ya matembele yenye urefu wa sentimita 15 hadi 20 na vifundo vitatu au vinne, ikitumbukizwa majini, hutoa mizizi kwenye vifundo kwa siku 3 hadi 5. Mnanaa na rehani huchukua siku 7 hadi 10. Kitunguu maji kikikalishwa mdomoni mwa glasi, kitako kikigusa maji kidogo tu, hutoa mizizi mingi myeupe ndani ya siku 2 hadi 4.

Mimea ya kuepuka ni karoti (kwenye kopo dogo mzizi wake hupinda na kugawanyika), giligilani (siku 10 hadi 14 kuota), kokwa la parachichi (wiki kadhaa) na nyanya, ikiwa unataka matunda. Nyanya huota vizuri sana, lakini tunda linahitaji miezi na mwanga mkali ambao chumba hakina.

## Siku ya tano imefika, hakuna kilichoota

Chanzo cha kawaida kuliko vyote ni kuzama. Mbegu inayoota inavuta hewa. Ukiiacha chini ya maji baada ya kulowekwa inakosa oksijeni, inalainika, inatoa harufu. Iminye kwa vidole: ikitoa uji mweupe, imeoza. Tishu inatakiwa iwe na unyevu kiasi kwamba ukiiinamisha sahani hakuna maji yanayotiririka. Tishu pia ni bora kuliko pamba kwa kazi hii, kwa sababu pamba ikishalowa hujibana na kufukuza hewa yote iliyokuwa ndani yake.

Mbegu ikiwa ngumu bado, tatizo ni umri, joto, au haikuwa mbegu tangu mwanzo. Choroko iliyokobolewa na kupasuliwa kwa ajili ya kupika haiwezi kuota, na maharage yaliyokaa dukani miaka hayaaminiki. Pima kabla ya kuanza mradi: funga mbegu 20 ndani ya tishu yenye unyevu, weka kwenye mfuko wa plastiki usiofungwa kabisa, hesabu zilizoota baada ya siku tano. Zikiwa chini ya 15, tafuta mbegu nyingine. Mbegu za pakiti kutoka duka la pembejeo zenye rangi ya waridi, bluu au kijani zimepakwa dawa. Zinaota vizuri, lakini nawa mikono kila unapozishika na usizile.

Joto lina mambo yake kulingana na mahali. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar kati ya Januari na Machi, aina nyingi za saladi hugoma kuota, kwani joto likizidi nyuzi 28 hadi 30 mbegu hulala usingizi hata kama maji yapo. Zilaze kwenye tishu yenye unyevu ndani ya friji, sehemu ya chini isiyogandisha, kwa siku moja au mbili, kisha zitoe. Usizifukie pia, maana mbegu ya saladi hupenda kuona mwanga ili iote. Lililo rahisi zaidi ni kuchagua mchicha, ambao joto hilo ndilo unalolitaka. Njombe, Makete au Limuru mwezi Julai hali ni kinyume: choroko na mchicha huchelewa mno, na ngano, figili au sukuma wiki ndizo za kutegemea.

## Kuna manyoya meupe: ni ukungu au mizizi?

Miche mingi mizima hutupwa kwa kosa hili. Tazama kwa karibu, ikiwezekana kwa kioo cha kukuzia. Vinyweleo vya mzizi huota kuuzunguka mzizi pande zote kwa urefu unaolingana, na huanza nyuma kidogo ya ncha. Ncha yenyewe huwa tupu na inang'aa. Ukivinyunyizia maji vinalala na kushikamana na mzizi, kana kwamba vimetoweka, na havina harufu. Figili na ngano huwa navyo vingi hasa.

Ukungu hauna mpangilio. Hutanda kama utando wa buibui kutoka ganda la mbegu hadi kwenye tishu, huruka kutoka mbegu moja hadi nyingine, hunuka uvundo, na baada ya siku mbili hugeuka kijivu, kijani au mweusi. Ukiunyunyizia maji unabaki palepale.

Ukiwa ni ukungu, ondoa mbegu zilizoguswa pamoja na tishu yake, suuza zilizosalia kwa maji safi, zitandaze kwa nafasi ya angalau sentimita moja, na acha hewa ipite. Mbegu zilizopasuka au kutobolewa na wadudu ndizo hualika ukungu, kwa hiyo zichambue kabla ya kuloweka. Choroko za kuotesha suuza mara mbili kwa siku.

## Shina ni refu, limepauka, linaegemea upande

Mwanga hautoshi. Mche uliokosa mwanga hurefusha shina haraka ukitafuta pa kutokea, na akiba yote huishia kwenye shina hilo jembamba. Meza ya katikati ya chumba, hata kama wewe unaona vizuri na kusoma, kwa mche ni giza.

Sogeza vyombo hadi dirishani penye jua la asubuhi, na uvigeuze kila siku robo mzunguko ili shina lisipinde upande mmoja. Kama dirisha halipo, taa ya LED ya wati 9 hadi 15 yenye mwanga mweupe (ile iliyoandikwa 6500K kwenye boksi) inatosha kwa makopo mawili matatu, iking'inizwa sentimita 10 hadi 15 juu ya majani na kuwashwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Ikiwa juu mita moja, kama taa ya kawaida ya dari, haisaidii kitu. Mche ulioanza kurefuka hauwezi kufupishwa tena. Ukiwa na muda, anza upya na uweke mwanga siku ileile mbegu zinapochomoza.

## Mche umekatika kiunoni na kulala

Ukikuta shina limesinyaa na kuwa la kahawia pale linapotokea kwenye sponji au pamba inayoushikilia mche, huku majani bado ni mabichi, hicho ni kinyausi. Vimelea vyake hustawi penye unyevu mwingi, msongamano na hewa iliyotulia. Mche uliougua hauponi. Toa miche yote iliyoathirika kwenye kopo hilo, punguza maji hadi uso wa sponji ukauke kidogo, na mara nyingine panda mbegu chache: mbili tatu kwa kila tundu la mchicha, kisha ubakishe mche mmoja. Vyombo vilivyotumika vioshwe kwa sabuni, vilowekwe nusu saa kwenye maji yenye jiki (kipimo kimoja cha jiki kwa tisa vya maji), kisha visuuzwe vizuri.

## Majani yanageuka njano

Swali la kwanza ni: yapi yameanza?

Yakianza ya chini, yaliyozeeka, na mmea mzima ukawa wa kijani kilichofifia, upungufu ni wa naitrojeni. Mmea huihamisha naitrojeni kutoka majani ya zamani kwenda kwenye machanga. Kwenye kunde au maharage ya wiki mbili ndani ya maji matupu, hili si tatizo hata kidogo. Akiba imekwisha, na hiyo ndiyo picha ambayo ripoti yako inaihitaji. Vijani viwili vizito vya kwanza kunyauka na kudondoka ni jambo la kawaida pia.

Yakianza ya juu, machanga, yakawa njano huku mishipa imebaki kijani, ni upungufu wa chuma. Mara nyingi chuma kimo ndani ya maji, ila pH (kipimo cha uasidi wa maji) imepanda na mmea hauwezi kukichukua. Mizizi ndani ya maji hupenda pH ya 5.5 hadi 6.5. Maji ya visima virefu mengi yana chokaa na pH yake huwa juu ya 7. Dalili yake iko jikoni: birika lenye ukoko mweupe ndani. Tumia maji ya mvua. Yakikosekana, chemsha maji ya kisima, yaache yapoe na kutuama, mimina ya juu na uache mashapo. Maji yaliyochemshwa hupoteza hewa, kwa hiyo yatikise ndani ya chupa kwa dakika moja kabla ya kuyatumia. Ndimu hushusha pH pia, matone machache kwa lita huku ukipima kwa karatasi ya pH, lakini kwa siku chache tu. Vijidudu huila asidi yake na pH hupanda tena.

## Mbolea imewekwa, hali imekuwa mbaya zaidi

Hapa ndipo panapotaka uangalifu, maana mbolea iliyo nyumbani mara nyingi ni ya shambani. Urea ndani ya kopo la maji haifai: udongoni kuna bakteria wanaoigeuza kuwa chakula ambacho mzizi unakichukua kwa urahisi, na kwenye kopo jipya bakteria hao ni wachache. Inachofanya ni kutoa amonia, na amonia huunguza mizizi. DAP ina kasoro hiyohiyo ya amonia. CAN huacha mashapo ya chokaa chini ya chombo kwa sababu sehemu yake haiyeyuki kabisa. Samadi iliyolowekwa hunuka na kumaliza oksijeni ya maji.

Tafuta mbolea ya haidroponiki, yaani ya kuotesha mimea bila udongo. Zipo zinazouzwa kwa chupa mbili, A na B, na sababu ya kutenganishwa ni hii: kalsiamu ikikutana na salfeti na fosfeti zikiwa nzito, hugandana na kuwa unga mweupe unaozama, na mmea haupati chochote. Kwa hiyo weka maji kwanza, tia A, koroga, ndipo utie B. Usichanganye A na B zikiwa bado hazijazimuliwa.

Ukinunua za unga, mchanganyiko unaofaa mboga za majani kwa lita 10 za maji ni gramu 6 za NPK (naitrojeni, fosforasi na potasiamu) ya haidroponiki iliyoandikwa 4-18-38, yenye virutubisho vidogo, gramu 3 za magnesiamu salfeti (chumvi ya Epsom), na gramu 6 za kalsiamu naitreti. Yeyusha kwa mpangilio huo, kimoja kikiisha kabisa ndipo kingine kiingie. Pima kwa mizani, si kwa kijiko. Kwa miche yenye umri chini ya wiki mbili, zimua nusu kwa nusu na maji.

Kingo za majani zikiungua na kuwa kahawia, na utando mweupe wa chumvi ukajitokeza juu ya sponji, mbolea imezidi. Mwaga, suuza mizizi, weka maji matupu kwa siku mbili, rudi na nusu ya kipimo. Visima vya pwani vyenye maji ya chumvi huleta dalili hiyohiyo bila mbolea yoyote. Makumbi ya nazi nayo, ukiyatumia badala ya sponji, kwa kuwa mengi hulowekwa baharini, yaoshwe mara tatu au nne kabla ya kutumika.

## Mmea umenyauka ilhali maji yamejaa

Inua mmea utazame mizizi. Ikiwa myeupe na imekakamaa kidogo, ni joto la mchana tu. Jioni mmea utasimama. Ikiwa ya kahawia, inateleza, na ukiivuta ganda lake linatoka likibaki uzi mwembamba, mizizi imeoza kwa kukosa hewa.

Maji ya nyuzi 20 hubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30 hubaki takriban 7.5, na kwa joto hilo mzizi unahitaji oksijeni nyingi zaidi, siyo kidogo. Chupa inayopigwa na jua la saa nane mchana haina matumaini. Ikinge chombo, acha majani tu yapate jua.

Kosa la pili ni kujaza hadi mdomoni kila siku. Katika mtindo wa kopo lisilo na pampu, ule uliotangazwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, maji hugusa kitako cha sponji mwanzoni tu. Yanaposhuka, mizizi iliyo kwenye nafasi ya hewa huota matawi mengi na kufanya kazi ya kuvuta oksijeni. Ukiirudishia maji ghafla hadi juu, mizizi hiyo inazama na mmea hunyauka ndani ya siku moja au mbili. Ongeza maji, lakini yaishie nusu ya chombo. Saladi moja hadi kuvunwa hunywa takriban lita 4, hivyo chupa ya lita 1.5 itahitaji kuongezwa.

Kwenye chupa ya utambi (iliyokatwa na sehemu ya juu kupinduliwa ndani ya ya chini), mmea ukinyauka tazama utambi wenyewe. Kitambaa kisichofyonza maji hakifai. Tumia kipande cha fulana ya pamba au khanga kuukuu, kilowe kabla ya kukipitisha, na umbali kutoka maji hadi mizizi usizidi sentimita 10.

Matembele, mnanaa na kitunguu vikioza, kilichozama ni kile kisichotakiwa kuzama: majani ya chini ya pingili, au mwili wa kitunguu badala ya kitako. Kata palipo pazima, badilisha maji kila siku mbili.

## Maji yamekuwa ya kijani, au yana viluwiluwi

Ukijani ni mwani, na mwani unataka mwanga. Funika chupa yote kwa karatasi ya foili au soksi nyeusi, ukiacha mstari mwembamba wa kutazama maji. Ukitaka kuonyesha mizizi kwa watazamaji, kifuniko kiwe cha kuvuliwa.

Viluwiluwi vya mbu havivumiliwi hata siku moja. Mbu wa Aedes, anayeeneza dengue, hutaga kwenye vyombo vidogo vya maji ndani na karibu na nyumba, na kwenye joto yai huwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Ziba kila mwanya kwa chandarua au pamba, na vyombo vilivyo wazi badilisha maji kila siku nne au tano ukisugua kuta za ndani, kwani mayai hushikamana na ukuta. Maji yenye viluwiluwi yamwagwe kwenye ardhi kavu.

## Mimea ni mizima, matokeo hayaeleweki

Kopo moja dhidi ya kopo moja halithibitishi kitu, kwa sababu mbegu moja dhaifu hugeuza jibu lote. Weka angalau makopo matatu kwa kila hali, miche mitano kila moja, na ubadilishe jambo moja tu. Kama kundi la mbolea liko dirishani na la maji matupu liko kabatini, umepima mwanga. Zungusha nafasi za makopo kila siku na upime saa ileile.

Kimo peke yake kinapotosha. Choroko za gizani baada ya siku sita huwa ndefu kuliko za mwangani, na ripoti nyingi huandika kwamba giza hustawisha mimea. Pima na uzito mkavu: pima mbegu 20 kabla ya kuloweka, na mwishoni chukua miche iliyotokana na idadi hiyohiyo ya mbegu, mizizi na maganda vikiwemo, ianike juani au kwenye oveni ya moto mdogo hadi uzito usibadilike tena, kisha pima. Ya gizani, pamoja na urefu wake wote, itakuwa nyepesi kuliko mbegu ilikotoka, kwa kuwa imepumua na kutumia akiba bila kutengeneza chakula kipya. Ya mwangani hupungua pia siku za mwanzo, kisha uzito huanza kupanda majani yanapofanya kazi. Kwa hiyo acha jaribio liende siku 12 hadi 14, ukivuna kopo moja la kila upande kila baada ya siku tatu au nne, na uandae makopo ya ziada kwa ajili hiyo tangu siku ya kupanda.